Kuhesabu hekalu, ao kuhesabu watu?

Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tumezoea kuita Wamormoni, kuko watu wenye kujiwekea lengo: kusafiri na kutembelea hekalu mingi namna wataweza. Kule Marekani, hiyo haiko jambo kubwa. Katika Utah peke yake hekalu zinapita 20. Zile ine za zamani, St. George (1877), Logan (1884), Manti (1888) na Salt Lake (1893), mwenye motokari anaweza kuzizunguka zote kwa siku mbili na kurudia kazini bila deni.

Kwetu hesabu ni ingine. Hekalu ya Johannesburg ilifunguliwa mwaka 1985, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa ya Wakongomani. Mtu wa Kolwezi anapita Lubumbashi, anapanga mustari Kasumbalesa nyuma ya makamio ya shaba yetu, anavuka Zambia nzima, na hapo hayafika. Tarehe 14 aprili 2019, Kinshasa ikapata yake. Ni inchi yetu, ndiyo, lakini toka Lubumbashi kuenda Kinshasa ni ndege. Ao treni mpaka Ilebo, kisha mashua, kwa mwenye roho ya chuma. Kisha wakatangaza Lubumbashi mwaka 2020, Kananga 2021, Mbuji-Mayi 2023. Tunaelewa mtu akianza kuota: ine katika inchi moja!

Wengine wanacheka: «Feza ya mugodi inaenda kuangalia majengo?» Sisi hatucheki. Mwenye kushinda chini ya udongo iko na haki ya kutamani kuona mbali. Wakatoliki wanaenda Lourdes, Waislamu wanaenda Makka, na kuko mishahara inaisha kwa chupa mbele ya kufika nyumbani. Juu ya hiyo hakuna anayeuliza.

Lakini tuangalie kazi ya hekalu yenyewe. Haiko kanisa ya kusalia siku ya Mungu; siku hiyo inafungwa. Memba anapokea maagizo yake mwenyewe mara moja, bibi na bwana wanaunganishwa pamoja na watoto wao, na safari zingine zote anazifanya kwa ajili ya wafu, jina kwa jina, babu na nyanya zake. Ile inafanyika Johannesburg ndiyo inafanyika Kinshasa, hakuna kilichopunguka. Hata feza ambayo kanisa hilo liliweka kwa kusaidia memba wa nje ya Marekani na Kanada wasio na uwezo, inasaidia mara moja tu, mtu apate kufika. Hailipe ya kuzunguka.

Sasa baba amefika Johannesburg, amefika Kinshasa, picha ziko kwa simu, jirani wote wamezitazama. Mama hayatoka hata siku moja. Kwa imani yao wenyewe, baba huyo hayaunganishwa na bibi yake wala na watoto. Alitembea kilometre elfu na elfu, na kazi ya kwanza ingali inamungoja. Na kama tikiti ililipwa na banki Lambert, basi mama anabaki kulipa faida ya safari ambayo hakufanya, na minerval ya watoto inangoja mwezi mwingine. Hapo hatuwezi kunyamaza.

(Kwa wale wasio memba: hekalu mpya, mbele ya kuwekwa wakfu, inafungulia watu wote milango kwa siku kadhaa, bure. Kisha ni wenye karatasi ya ruhusa peke yao.)

Likelemba ya jamaa inaweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko deni, hata kama itakomba miaka mbili. Na mwenye lengo, mbele ya kukata tikiti ya hekalu ya pili, aulize kwanza ndani ya nyumba yake: nani hayafika kwa ya kwanza? Kama ni mama wa watoto, tikiti ile ni yake.