Vinasaba vya Ukoo wa Mama: Kipimo cha Rejea na Historia ya Zanzibar

Mjadala kuhusu asili ya watu wa Zanzibar umeegemea kwa muda mrefu masimulizi ya wazee, nyaraka na majengo ya kale, ukiwemo Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Sasa umeongezeka ushahidi wa vinasaba, na ni muhimu wananchi wafahamu namna unavyosomwa.

Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo hufuata ukoo wa kike. Ili kulinganisha sampuli, wataalamu duniani hutumia mfuatano mmoja wa rejea uliosomwa Cambridge, Uingereza, ukachapishwa mwaka 1981 na kusahihishwa mwaka 1999. Mfuatano huo una nafasi 16,569. Matokeo ya kila mtu huandikwa kwa kutaja nafasi anazotofautiana nao.

Hapo ndipo panapohitaji tahadhari. Mfuatano huo ni wa tawi la H, lililoenea zaidi Ulaya, ilhali koo nyingi za kike za Afrika ni za matawi ya L, yaliyo ya kale zaidi. Kwa hiyo sampuli ya Mwafrika kwa kawaida huonesha tofauti nyingi zaidi. Wingi huo peke yake si kasoro wala maradhi. Unaonesha umbali wa tawi moja na jingine. Mwaka 2012 ilipendekezwa rejea mbadala iliyojengwa kutoka shina la koo zote, lakini ile ya Cambridge ingali inatumika zaidi.

Usomaji sahihi unagusa pia tiba. Badiliko moja katika nafasi ya 1555 linaweza kumfanya mtu apoteze usikivu anapotumia dawa kama streptomaisini. Daktari anahitaji kulitenganisha na tofauti za kawaida za ukoo.

Kwa upande wa historia, utafiti wa mwaka 2017 ulijumuisha mabaki kutoka Pango la Kuumbi, Unguja, na kuonesha kuwa takriban miaka 1,400 iliyopita kisiwani waliishi watu wa nasaba ya wawindaji. Utafiti wa mwaka 2023 ulichunguza watu 80 wa kale, wakiwemo wa Mtwapa, Manda na Kilwa. Ulibaini kuwa ukoo wa mama ulikuwa zaidi wa Kiafrika, na ule wa baba kwa sehemu kubwa wa Asia, hususan Uajemi.

Matokeo hayo hayafuti masimulizi ya Washirazi, wala hayamwondoi mama wa Kiafrika katika historia ya mwambao. Hata hivyo, ya Kilwa hayawezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ya Unguja. Kadiri sampuli za visiwani zitakavyoongezeka, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa heshima ya makaburi, ndivyo Wazanzibari watakavyosomwa kwa ushahidi wao wenyewe.