Mwanamke Asiyebeba Kitu

Wapo baadhi yetu wasemao kwamba sanaa ya Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, si ya Kiafrika kwa kuwa inatisha. Hoja hiyo imerudiwa mno miongoni mwa walimu, nami naiona ina kasoro tangu shinani.

Tujiulize kwanza, hiyo isiyotisha ni ipi? Ni ile picha iliyotundikwa hotelini na katika maduka ya vinyago, tangu Mombasa hata Kampala: mwanamke, mtungi kichwani, mtoto mgongoni, jua linatua. Mwanafunzi akiambiwa achore mwanamke wa Kiafrika humchora huyo huyo, nasi tukampa alama zote. Hapana aulizaye mtungi ule una uzito gani.

Mutu aliuliza. Katika filamu yake iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015, mwanamke anatembea na mzigo kichwani, na mzigo unazidi kukua kila hatua, hata yeye na mzigo wakawa kitu kimoja, wakamezwa na ardhi. Kisha mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, likamkabidhi mashubaka manne ya ukuta wake wa mbele, yaliyokuwa matupu tangu 1902. Humo aliketisha wanawake wanne wa shaba nyeusi. Wayunani wa kale walichonga wanawake wa kushikilia mapaa ya mahekalu. Waluba wa Kongo walichonga wanawake wa kubeba viti vya watawala. Mutu aliijua vema mila hiyo, ndiyo maana wanawake wake hawakubeba kitu. Waliketi tu, wima, wakiwatazama wapitao.

Eti ameiga Wazungu, kwa kuwa alisoma Yale! Basi na tuambiwe Waluba walisomea wapi.

Ama kuhusu kutisha, ni kweli zipo nyuso zake zinazotisha. Alizibandika, kwa vipande vya picha za magazeti, juu ya michoro ya zamani ya madaktari iliyoonyesha uvimbe wa kizazi. Magazeti yale na michoro ile vilikuwapo kabla yake, na hapana aliyelalamika.

Napendekeza katika mazoezi yetu ya kuchora, pale tuandikapo “mama wa kijijini”, tuongeze neno moja: ameketi. Tuone ni wangapi watakaojua kumchora.