Kompyuta ya Michezo: Saplai ya Umeme Kabla ya Taa za Rangi

Askari anaporejea Gisozi kutoka misheni ya Umoja wa Mataifa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, furaha ya kumpokea haikawii kufuatwa na maombi. Mkewe ana paa linalovuja. Binti ana karo. Na mwana wa kiume, aliye shule ya sekondari, ana karatasi mfukoni yenye orodha ya vipande vya kompyuta ya kuchezea michezo, ambavyo amekusudia kuviunganisha yeye mwenyewe. "Si ya michezo tu, baba," husema. "Nitajifunzia na kuandika programu." Mzee aliyekaa mwaka mzima mbali na wanawe hana moyo wa kukataa; huuliza bei, kisha hutazama chini.

Ombi lenyewe si upuuzi. Kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa vipande hutengenezeka kwa urahisi, kwani kipande kikifa hubadilishwa hicho peke yake. Mashine yenye nguvu ya kuendesha michezo ina nguvu pia ya kuchora ramani za majengo na kuhariri filamu. Kilicho kibaya ni orodha. Kwa kawaida huanza na prosesa ya bei kubwa kuliko zote, likafuata kasha la vioo lenye taa za rangi, na mwisho kabisa, kwa fedha zilizosalia, huandikwa saplai ya umeme ya bei yoyote. Orodha ya namna hiyo yafaa isomwe kutoka chini kwenda juu.

Saplai ya umeme ni kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa volti 12 na chini ya hapo. Vipande vyote vingine hula katika chungu hicho kimoja. Saplai duni inapokufa huweza kupitisha umeme uliozidi kipimo hadi kwenye ubao mama, kadi ya picha na diski, na akiba ya mwaka mzima ikapotea kwa sekunde moja. Mtaa ulioshuhudia karakana za Agakiriro zikiungua zaidi ya mara moja hauhitaji kuhubiriwa juu ya hatari iliyo kubwa kuliko hiyo.

Udanganyifu huanzia kwenye kibandiko. Saplai nyingi za bei ya chini, hasa zile zinazouzwa zikiwa tayari ndani ya kasha, huandikwa wati 600 kwa tarakimu kubwa. Lakini pembeni pana jedwali dogo, na ndilo lenye habari. Yeyote ajuaye kuzidisha anaweza kulikagua akiwa dukani: idadi ya ampea za mstari wa volti 12 izidishwe kwa 12. Zikiwa ampea 20, jibu ni wati 240, na zile 600 ni maneno matupu. Saplai ya kweli ya wati 550 huonyesha ampea zipatazo 45 katika mstari huo. Ile alama ya 80 Plus, ambayo mpango wake ulianzishwa mwaka 2004, ina faida yake. Ila ifahamike kwamba hupima jinsi saplai isivyopoteza umeme, wala si ushahidi kwamba ina kinga dhidi ya umeme kuzidi au nyaya kugusana. Kinga hizo zitafutwe katika maelezo ya mtengenezaji, na zisipotajwa, mnunuzi aende duka la pili.

Kisha wahesabiwe walaji. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 hula wati zipatazo 76 inapofanya kazi kwa nguvu. Kadi ya picha ya Radeon RX 6600 imepangiwa wati 132. Ubao mama, kumbukumbu, diski na feni vikikadiriwa wati 50, jumla haifiki 260. Wati 550 za kweli zatosha na kubakiza. Kijana anayedai 850 kwa mashine hiyo anatumia fedha za paa la mama yake.

Jambo la udongo nalo hupuuzwa mno. Waya wa saplai una pini ya tatu, ya kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, lakini nyumba nyingi zina soketi za matundu mawili, na watu huchomeka kiunganishi kinachoiacha pini hiyo ikining'inia bila kazi. Dalili yake ni kasha la chuma kumchoma mtu kidogo vidoleni. Hilo si la kuzoea wala la kutania. Aitwe fundi umeme kabla kompyuta haijaletwa. Aidha, majira ya mvua yana radi, na hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda kuchomoa waya ukutani.

Baada ya saplai, swali linalofuata si prosesa bali skrini. Skrini ya kawaida, ya nukta 1920 kwa 1080, huhudumiwa vizuri na kadi kama hiyo RX 6600 ya mwaka 2021, au GeForce RTX 4060 ya mwaka 2023, zote zikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kununua kadi kubwa zaidi na kuifunga kwenye skrini ya zamani inayobadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde ni sawa na kukodi lori la kubebea ndoo moja ya maji. Kati ya kila faranga 100 za mashine yenyewe, 35 hadi 40 ziende kwenye kadi ya picha, na zipatazo 20 kwenye prosesa. Hapo kijana atabisha. Akiwa mchezaji wa Counter-Strike 2 au Valorant atakuwa na hoja, maana michezo hiyo huitegemea sana prosesa. Hata hivyo prosesa ya viini sita haitamwangusha.

Zipo nyumba zinazoishi kwa mshahara peke yake, na haziwezi kulipa yote kwa mkupuo. Kwa hizo iko njia ya heshima. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021, ina sehemu ya picha ndani yake. Itaendesha michezo myepesi na kazi zote za shule bila kadi, na kadi ikanunuliwa miezi sita baadaye, mradi saplai iliyonunuliwa mwanzo iliikadiria. Kwa kijana ni subira chungu, lakini si mkopo. Uangalifu uwekwe kwenye herufi: 5600 isiyo na G haina picha, wala prosesa za Intel zenye F mwishoni, mfano Core i5-12400F. Asiyeijua siri hiyo huunganisha kila kitu sawasawa, akawasha, akakutana na skrini nyeusi, na kumshuku muuzaji bure.

Kuhusu kumbukumbu, vijiti viwili vya gigabaiti 8 vinafanya kazi haraka kuliko kimoja cha 16, hasa kwa 5600G ambayo hukopa humo kumbukumbu ya kuchorea picha. Aina zisichanganywe: ubao wa AM4 hutumia DDR4, na ule wa AM5 uliotoka mwaka 2022 hutumia DDR5 tu, na kijiti cha mmoja hakiingii kwa mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda ghafla duniani, viwanda vilipoelekeza mali yao kwenye kompyuta kubwa za akili mnemba. Kwa hiyo bei iliyoandikwa katika orodha ya zamani isiaminiwe.

Vipo pia vitu vilivyotumika, na kuvidharau vyote ni kosa. Kompyuta za ofisi kama Dell OptiPlex huuzwa kwa bei ya kuvutia, na watu husema, "Hii nitaitia kadi tu, basi." Kabla ya kutoa fedha, kasha lifunguliwe. Nyingi zina saplai ndogo yenye viunganishi vya kampuni yenyewe, isiyobadilika kwa ile ya kawaida, na nafasi isiyotosha kadi ya kimo kamili. Isitoshe, huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane isipokuwa chache. Kadi za picha zilizotumika zina historia nyingine. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi hizo, na nyingi zilizokuwa zimewashwa usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Kadi ya namna hiyo yaweza kuwa nzima, lakini feni zake zimechoka. Ijaribiwe kwa mchezo mzito nusu saa mbele ya macho ya mnunuzi. Muuzaji akikataa, amejibu.

Risiti ya mashine ya kodi isiachwe dukani. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imo katika bei, na bila risiti hakuna wa kumdai dhamana kipande kikifa mwezi wa pili.

Umeme nao una mlipaji. Mashine hii na skrini yake, ikichezewa saa tatu kila siku, hula karibu yuniti 25 kwa mwezi. Kwa kuwa bei ya umeme wa nyumbani hupanda kwa ngazi kadiri matumizi yanavyokua, yuniti hizo huongezwa juu ya zile za jokofu na pasi, katika ngazi ya juu. Yafaa kijana aambiwe mapema siku zipi za mwezi atanunua Cash Power yeye.

Limebaki vumbi, ambalo Gisozi inalo la aina yake. Vumbi la mbao kutoka karakana za maseremala ni jepesi, huingia kupitia dirisha, na hujaa kati ya mapezi ya kupozea hadi feni zikalia na prosesa ikapunguza mwendo ili isiungue. Kasha lenye wavu wa kuzuia vumbi mbele, unaovuliwa na kuoshwa, lina thamani kuliko lile la vioo pande zote. Wavu uoshwe kila mwezi. Meza yenyewe haina haja ya kuagizwa mbali: maseremala hao hao wataiunda kwa kipimo, wakiambiwa watoboe tundu la nyaya, waache mgongo wazi ili hewa ya moto itoke, na kuweka rafu imara ya kulisimamisha kasha shubiri mbili juu ya sakafu.