Lenzi ya milimita 15, na ninyi mnaosema simu inatosha

Haya wasomaji, leo naweka Java kando nigombane kidogo na watu wa kamera.

Kila nikitoka na Bessa yangu ya filamu ikiwa na lenzi ya milimita 15, napigiwa kelele kutoka pande mbili. Vijana wa simu: "Mbona unabeba hilo dude? Simu yangu ina lenzi pana tayari, tena inanyoosha picha yenyewe." Wakongwe wa filamu nao: "Unapoteza renjifainda bure, lenzi hiyo hata haiitumii." Wakongwe wamekosea kidogo. Vijana wamekosea sana, na kwa kuwa kosa lao limeandikwa na watu wa kazi yangu, sitanyamaza.

Kwa wasioijua, renjifainda ni kamera isiyo na kioo ndani. Hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha kilicho pembeni yake, na katikati unaona taswira mbili za kitu kimoja. Zungusha lenzi mpaka zilaliane, umepata fokasi. Leica ndiyo maarufu, lakini bei ya Leica tuwaachie wenye nazo. Bessa ilitengenezwa na Cosina ya Japani, chini ya jina la zamani la Voigtländer.

Lenzi yenyewe ni Super Wide-Heliar f/4.5, iliyotoka mwaka 1999. Inaona nyuzi 110 kutoka kona hadi kona. Na ni kweli, toleo lile la kwanza halijaunganishwa na renjifainda. Unaizungusha, kidirisha hakina habari. Cosina walijua walichokuwa wakifanya: mwaka huohuo walitoa Bessa-L, bodi isiyo na renjifainda wala kidirisha. Unachomeka kidirisha cha kulengea juu yake, unapiga kazi.

Hapo wakongwe wanadhani wameshinda. Hebu tufanye hesabu. Chukua 15 mara 15, ni 225. Gawanya kwa namba ya tundu, tuseme f/8, ukizidisha na ukungu unaovumilika kwenye filamu, ambao kwa desturi ni milimita 0.03. Unapata takriban milimita 937. Maana yake, ukiiweka lenzi kwenye mita 1, kila kitu kuanzia karibu nusu mita hadi mawinguni kinatoka kikali. Sasa hiyo renjifainda mnayoililia ingefanya nini? Kupima umbali ambao hauhitaji kupimwa?

Faida ya bodi hii kwa lenzi pana haiko kwenye kipimo cha umbali. Iko kwenye kitu ambacho haina: kioo. Kamera ya refleksi ina kioo kinachoruka juu kila ukipiga, na kioo kinataka nafasi. Kwenye Nikon F, lenzi inakaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu. Kwenye Leica M ni 27.8. Lenzi pana hupenda kukaa karibu. Mwaka 1959 Nikon walitoa lenzi ya milimita 21 kwa ajili ya F, na ili uifunge ilikubidi uinue kioo kikae juu. Yaani refleksi ikapofuka, na mwenyewe akachomeka kidirisha juu yake kama sisi! Baadaye wabunifu walitumia njia ambayo Angénieux wa Ufaransa aliianza mwaka 1950, ya kuweka vioo vikubwa mbele ili kusukuma taswira nyuma. Inafanya kazi, lakini Nikkor ya milimita 15 f/3.5 ina uzito wa zaidi ya gramu 600. Yangu ni 105. Naiweka mfuko wa shati.

Mtauliza kwa nini filamu basi, wakati siku hizi kuna kamera za dijitali zisizo na kioo. Kwa sababu lenzi iliyokaa karibu hivyo inamwaga mwanga kwa mshazari mkali kwenye kingo. Filamu haijali. Sensa inajali: toleo la zamani la Heliar kwenye Leica za dijitali hupaka kingo rangi ya waridi, na mwaka 2015 Cosina walilazimika kuibuni upya kwa ajili ya sensa. Toleo hilo jipya lina uzito wa zaidi ya mara mbili ya langu.

Kona zina giza, sikatai. Kanuni ya kosaini kwa nguvu ya nne inasema kwamba kwa nyuzi 55 kona inabaki na kama asilimia 11 ya mwanga wa katikati, wabunifu wasipofanya ujanja wao. Zeiss walipotoa Hologon mwaka 1969, tundu lake lilikuwa moja tu, f/8, na walimpa mteja kichujio cheusi katikati ili kusawazisha, kikaifanya iwe f/16. Watu walinunua hivyohivyo. Mimi kona nyeusi hazijawahi kunikosesha usingizi.

Turudi kwa vijana. Simu "inanyoosha." Inanyoosha nini?

Lenzi yangu huchora mistari iliyonyooka ikiwa imenyooka. Inachofanya pembeni ni kuvuta: kichwa cha mtu aliye ukingoni kabisa mwa picha ya kulala kinatoka kipana kwa mara 1.56 kuliko urefu wake. Shangazi anafanana na boga. Mnasema lenzi imepotosha. Haijapotosha! Safisha picha hiyo kwa upana wa sentimita 36, uitazame kwa jicho moja kutoka sentimita 15, mbele ya katikati yake, na shangazi anarudi kuwa shangazi. Jiometri ni moja kutoka ukingo hadi ukingo, na inaeleza jambo moja bila kuficha: mpiga picha alisimama wapi.

Simu inafanya nini? Mwaka 2019 watafiti wa Google waliwasilisha kwenye SIGGRAPH njia ya kurekebisha nyuso katika picha pana. Programu inatafuta nyuso, inazichora kwa jiometri ya tufe, inaacha ukuta na milango kwenye jiometri ya kawaida, halafu inalainisha mpaka kati ya hizo mbili. Kama mhandisi nasema kazi ile ni safi sana. Nimeisoma kwa wivu. Lakini elewa unachopewa: picha moja yenye jiometri mbili, na hakuna alama inayokuonyesha moja inaishia wapi.

Kwa selfi, sawa. Kwa harusi, sawa pia, shangazi atashukuru. Lakini Juni 2024 barabara za Nairobi zilijaa watu na simu, na picha zile zinaweza kuja kuulizwa maswali mazito: huyu mwenye rungu alikuwa hatua ngapi kutoka kwa huyu kijana? Nani alimwelekea nani? Sisemi picha za simu ni za uongo. Nasema programu iliyosogeza pikseli ili watu wapendeze haikuulizwa kama siku hiyo kupendeza ndiko kulikotakiwa.

Na kuna hasara nyingine ndogo inayoniudhi hata zaidi. Mtu akijua kwamba kingo zitarekebishwa, haangalii kingo. Anarudi nyuma aingize kila kitu, na kila kitu kinatoka kidogo kama punje za mtama. Lenzi pana si ya kurudi nyuma, ni ya kusogea. Ndani ya matatu, konda yuko nusu mita mbele yako, mkono wake umejaa noti, na nyuma yake viti vyote hadi kioo cha nyuma viko wazi. Ukitaka uso wake ubaki uso, unamweka katikati. Ukimweka ukingoni, umeamua wewe, na utamjibu wewe akiiona picha. Hakuna programu ya kusingizia.

Kama simu yako ina swichi ya kurekebisha lenzi, kwenye mipangilio ya kamera, izime wiki moja. Piga picha ya watu watano mlangoni, halafu ipige tena baada ya kusogea hatua mbili na kuwapanga upya. Mnaotaka kuijaribu Heliar, nitaazima kwa anayekuja na filamu yake mwenyewe. Yangu ni picha 36 na nimebakiza tisa.