Jiko la gesi na umeme: mambo ya kutazama kabla hujalipa



Liko swali moja ambalo limenifikia mara nyingi kuliko mengine, katika barua zenu na hata mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Zamu ya upatu imefika, baba watoto ameongeza kidogo, fedha ya jiko imepatikana. Je, tununue la gesi tupu, la umeme tupu, au lile lenye vyote viwili?

Kwa nyumba yenye umeme, jibu langu ni lenye vyote viwili: gesi juu, oveni ya umeme chini. Moto wa gesi unaupandisha na kuushusha papo hapo, na umeme ukikatika saa kumi na moja jioni uji wa mtoto hausimami. Oveni ya umeme nayo hutoa joto kavu lililoenea, nawe unalipanga kwa nyuzi. Oveni nyingi za gesi za bei nafuu hupata joto kutoka chini tu, ndiyo maana keki huungua kitako na uso ukabaki mweupe. Wasiooka kabisa wasijisumbue. Jiko la gesi la mezani la plate mbili litawatosha, na fedha iliyobaki ikalipie ada.

Majiko haya mengi yana plate nne, tatu za gesi na moja ya umeme, au nne zote za gesi. Ile moja ya umeme ni msaada siku mtungi unapoisha ghafla. Ila ina tabia moja ambayo ni lazima kila mtu nyumbani aifahamu, pamoja na dada wa kazi: ukiizima haipoi. Hubaki ya moto kwa dakika nyingi na haina rangi yoyote ya kukuonya. Mtoto haoni moto, anaweka kiganja. Baada ya kuizima iachie juu yake sufuria ya maji mpaka ipoe.

Kuhusu ukubwa, yapo ya sentimita 50 kwa 50, 60 kwa 60, na mapana ya 90. Wauzaji watakusifia lolote lile, kwa hiyo nenda dukani na sufuria yako ya ugali. Msione haya, akina mama! Iweke juu ya plate kubwa, shika mwiko, songa kama unavyosonga kwako. Vyuma vya kuwekea sufuria vikiteleza au jiko zima likitikisika, liache hapo hapo. Vyuma vizito vya chuma cha kusubu ni bora kuliko vile vyembamba vilivyopakwa rangi. Kwenye jiko la sentimita 50, sufuria mbili kubwa hazikai pamoja kwa raha, hata kama plate ni nne. Familia ya watu wanane itafute la 60.

Kisha fungua mlango wa oveni na uukandamize kwa mkono. Jambo hili nalisema kwa uzito, kwa sababu wodini niliwahi kumpokea mtoto wa miaka mitatu aliyepanda juu ya mlango wa oveni uliokuwa wazi ili achungulie maharage. Jiko jepesi likamwinamia, na sufuria ikamwagikia kifuani. Alikaa nasi wiki nyingi. Uliza kama jiko lina mnyororo au kikono cha kulifunga ukutani, na kama halina, fundi akutengenezee. Ni kazi ya nusu saa.

Tazama pia kando ya kila plate ya gesi. Kijiti cheupe ni cha kutoa cheche. Katika majiko mazuri kipo na kijiti cha pili, cha chuma, ambacho hukata gesi chenyewe moto ukizimwa na upepo au na uji uliofurika. Mwenye watoto wadogo asinunue jiko lisilo na kifaa hicho ikiwa anaweza kuongeza fedha kidogo. Muulize muuzaji vilevile kama vitundu vya gesi ni vya gesi ya mtungi. Baadhi ya majiko hufika yakiwa yamewekewa vitundu vya gesi asilia, ile ya bomba ambayo sasa imefika katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, na presha zake ni tofauti. Moto wa gesi uwe wa bluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi kwenye sufuria, mwite fundi.

Sasa tuje kwenye umeme, ambapo wengi hukwama baada ya kununua. Hapa mketishe baba watoto, kwa maana si suala la jikoni peke yake. Chukua oveni ya wati 2,000 na plate ya umeme ya wati 1,500. Vikiwaka pamoja ni wati 3,500, wakati plagi ya kawaida ya ampea 13 hubeba kama 3,000 tu. Plagi itapata moto, itayeyuka, na siku moja ukuta utawaka. Jiko la namna hii linahitaji waya wake mnene kutoka kwenye bodi, swichi yake kubwa, na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa. Bila waya wa ardhi, unaweza kugusa sufuria kwa mikono yenye maji ukapigwa shoti. Mtafute fundi umeme mwenye leseni kabla jiko halijafika.

Matumizi yasikutishe. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika hula uniti 2, na kwa kawaida hula chini ya hapo, maana hujizima na kujiwasha yenyewe joto linapotosha. Ukioka saa mbili kila Jumamosi, kwa mwezi hazizidi uniti 16. Walio katika daraja la TANESCO la uniti 75 kwa mwezi wapige hesabu vizuri, kwa kuwa uniti za juu ya hapo huuzwa kwa bei kubwa zaidi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni, haipai juu. Hivyo basi, mtungi usimame wima mahali penye hewa, usifungiwe kabatini. Ukifunga mtungi mpya, paka maji ya sabuni kwenye maungio, na mapovu yakitokea ujue inavuja. Usijaribu kwa kibiriti kamwe. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje. Usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Katika jiko la aina mbili hatari hii iko karibu zaidi, kwa sababu swichi ya oveni iko sentimita chache tu kutoka kwenye gesi, na cheche moja inatosha.

Mtu akiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ondoa pete na nguo ambazo hazijaganda kwenye ngozi, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta ya kupikia tunavikwangua wodini kila wiki, na mtoto analia mara mbili. Uso, mikono, sehemu za siri, au jeraha lililozidi kiganja cha mgonjwa, mpeleke hospitali. Mtoto mchanga mpeleke hata kama ni dogo.

Mpira wa gesi ununue mpya pamoja na jiko, usichukue ule wa zamani uliopasuka pasuka. Regulata iwe ya presha ndogo na iingie sawasawa kwenye mtungi wako, kwani makampuni hutofautiana vichwa vya mitungi. Kwa sababu hiyo hiyo, ukinunua mtungi mdogo wa kilo 6 uwe wa akiba, nenda dukani na regulata yako mkononi uijaribu hapo hapo.