Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wazazi wa shule moja hapa Dandora, ambayo sitaitaja, waliambiwa hivi majuzi kwamba tarakilishi zote za maabara zimepitwa na wakati, hivyo hawana budi kuchanga fedha ili zinunuliwe mpya. Sababu waliyopewa ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hizo hazina uwezo wa kuendesha Windows 11. Sababu hiyo ni ya kweli. Uamuzi uliojengwa juu yake ndio ninaoupinga.

Nashangaa zaidi kwamba wazo hili limezuka Dandora. Mtaa huu ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukiwa mradi wa viwanja 6,000 hivi. Wenye viwanja hawakukabidhiwa nyumba kamili. Walipewa choo, bafu, maji na pengine chumba kimoja. Vingine waliviongeza wenyewe kadiri mfuko ulivyoruhusu. Aliyetaka chumba kipya hakuanza kwa kubomoa bafu.

Hata M-Pesa ilifuata njia hiyo. Ilipozinduliwa Machi 2007, haikumlazimu Mkenya kutupa simu yake ndogo. Huduma iliwekwa katika kadi ya simu, na kazi nzito ikafanywa na mitambo ya kampuni. Mama mboga alibaki na simu yake ile ile, lakini sasa akaweza kutuma na kupokea fedha.

Shule nazo zinaweza kufanya vivyo hivyo. Hununuliwa tarakilishi moja yenye nguvu, yaani seva, ambayo ndiyo huendesha programu mpya. Mashine kongwe huunganishwa nayo kwa nyaya na kuwashwa kupitia kwayo, bila kutegemea Windows ile ya zamani. Mwanafunzi huona kazi yake kwenye kioo na kuandika kwa kibodi kama kawaida, ilhali hesabu zote zinafanyika ndani ya seva. Programu huria za kazi hii, kama zile za Linux Terminal Server Project ulioanza mwaka 1999, hazinunuliwi. Programu mpya ikija, huwekwa mahali pamoja, na darasa zima hufaidika.

Sisemi kwamba njia hii haina kasoro. Seva ikizimika, darasa zima husimama. Kwa hiyo yahitajika akiba ya umeme, nakala za kazi za wanafunzi, na mwalimu aliyefunzwa kuitunza. Mashine iliyokufa kabisa nayo haifufuliwi kwa maneno. Hata hivyo, gharama ya seva moja na mafunzo haiwezi kulinganishwa na ya kujaza maabara upya, kisha kurudi kwa wazazi wale wale baada ya miaka michache.

Tena tujiulize, mashine zitakazotupwa zitakwenda wapi? Jaa letu lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakukoma kumwaga taka. Moshi wake huingia katika madarasa ya watoto hawa hawa tunaodai kuwaletea maendeleo.

Walimu wenzangu, kabla ya kutia sahihi barua ya kudai mchango, ihesabuni kwanza mali mliyo nayo. Nanyi wanafunzi, ulizeni kila mashine inaweza kufanya nini kabla ya kuuliza ina umri gani. Wazee wetu walijenga Dandora chumba baada ya chumba. Maabara nayo yaweza kujengwa hivyo.