Walazwe kwa mazoezi, si kwa deni

Safu ya wiki: MLIMA NA BONDE
Na Kavira Muhindo

Mtu akikatwa mguu, kitu cha kwanza ambacho ndugu wanaleta kutoka nyumbani, hata kabla ya uji, ni mto. Wanauweka chini ya goti, mgonjwa anashusha pumzi, maumivu yanapungua, na wadi nzima inaona hiyo ndiyo huruma. Mto huohuo unamharibia mguu bandia ambao bado hajaupata. Goti likikunjwa mchana na usiku, misuli ya nyuma inafupika. Baada ya wiki chache halinyooki tena, na fundi wa viungo bandia, awe bingwa namna gani, hawezi kumsimamisha mtu juu ya goti lililopinda. Dawa yake haiuzwi famasi. Mto uondolewe. Mgonjwa alale kifudifudi kwa muda kila siku. Kigutu kifungwe bandeji kuanzia nchani, ikikazwa huko na kulegezwa kadiri inavyopanda, ili uvimbe ushuke na nyama ichukue umbo la kuingia ndani ya mguu bandia. Ni kazi ya dakika chache tu, ila awepo mtu wa kumwambia mama mwenye mto.

Nani huyo? Munganga aliyepasua amekwisha kuitwa kwa mwingine. Muuguzi ana wagonjwa wa kuwagawia sindano. Kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kama hospitali inaye, yuko peke yake na anangojwa na wadi zote. Basi mama anaendelea na mto wake.

Sitaki kuwadharau wapasuaji wetu. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza kupamba moto upande wa Beni, wameshona watu waliokatwa panga Oicha, Mbau na Eringeti, wametoa risasi, wameokoa watu ambao tulikuwa tumeanza kuwalilia. Hospitali kuu ya Beni imefanya kazi hiyo kwa msaada wa CICR, Msalaba Mwekundu wa kimataifa, usiku na mchana. Ongeza vijana wa pikipiki wanaoanguka kila wiki katika miteremko ya Butembo, ongeza wazee wa kiharusi, ambao hakuna bunduki iliyowagusa na hakuna redio inayowataja. Wengi wao wanapona. Taabu inaanza siku nyuzi zinapotolewa. Kidonda kimekauka, mgonjwa anaambiwa nenda nyumbani, na nyumbani ni Kimemi, juu ya kilima, choo kiko nyuma ya nyumba, ni cha kuchuchumaa, na njia yake ni utelezi tangu Septemba mvua zinapoanza.

Duniani wamejua zamani kwamba kuokoa uhai ni nusu ya kazi. Kabla ya Vita vya Pili, askari aliyevunjika uti wa mgongo alikuwa akingojewa kufa, mara nyingi ndani ya miaka miwili, akiliwa na vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Tarehe 1 Februari 1944, Ludwig Guttmann, munganga Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wadi ya watu hao Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuleta dawa mpya. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na akapita mwenyewe kukagua. Kisha akawapa kazi za mikono na michezo. Julai 29, 1948 wagonjwa 16 walishindana kwa mishale wakiwa katika viti vya magurudumu, na kutoka hapo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki. Kumgeuza mtu kila saa mbili kunahitaji saa ya ukutani na watu wenye nidhamu. Nani atasema hivyo haviwezekani Butembo?

Tumchukue mlimaji wa kakao aliyekatwa panga kiganjani. Munganga ameunga kano za vidole, kazi safi. Wiki zinazofuata ndizo zitakazoamua kama ule mkono utashika panga ya kuvunia au utabaki umekunjwa kama ukucha wa kuku. Kine anajua lini vidole vianze kusogezwa, kwa kiasi gani: mapema mno kano inakatika, kuchelewa mno inagandamana na nyama. Muuguzi anajua kidonda kinasema nini asubuhi hiyo. Fundi anatengeneza kibao cha kushikilia mkono usiku. Mshauri wa moyo amegundua kwamba mgonjwa halali, kila mlango ukigonga anaruka, na asiyelala hafanyi mazoezi. Mtu wa huduma za jamii ameuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: shamba liko wapi, na mtu huyu anaweza kurudi huko, au afundishwe kazi nyingine? Kila mmoja akija kwa saa yake na kwenda zake, mgonjwa anapata amri tano zinazopingana. Wakikaa meza moja mara moja kwa wiki, naye mgonjwa yupo, wanapanga jambo moja la wiki ile. Kufunga vifungo vya shati mwenyewe, tuseme. Wiki inayofuata, jingine. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa kumwambia mtu wa Eringeti arudi kila Jumanne, kwa nauli gani na kwa njia gani? Inabidi alale hapo.

Zamani wenye bahati walifikishwa Goma, kituo cha Shirika la Umoja, ambako kuna karakana ya miguu bandia na watu wa kufundisha kuitumia. Lakini waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, njiani kuelekea Goma, mwishoni mwa Juni 2024, na Goma yenyewe mwishoni mwa Januari 2025. Ofisi za jimbo zikahamia Beni, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Gavana aliweza kuhamisha kiti chake. Karakana haikuhama. Mwenye pesa anavuka Kasindi kwenda Uganda, hadi hospitali ya CoRSU pale Kisubi, njia ya Entebbe, iliyofunguliwa 2009 kwa kazi hiyohiyo ya mifupa na viungo. Asiye na pesa anachongewa gongo.

Wataniambia vitanda havitoshi. Hapo ndipo ninapokataa, na kila aliyelaza ndugu yake katika nchi hii anajua sababu. Mgonjwa amepona, munganga ametia sahihi atoke, lakini fakitire, bili ya hospitali, haijalipwa. Anabaki. Wiki, mara nyingine miezi, amekuwa rehani ya deni lake mwenyewe. Mlinda mgonjwa anapika nyuma ya wadi, watoto wamekosa shule, deni linaongezeka kwa sababu kitanda nacho kinahesabiwa. Katika muda huo wote hakuna anayemfundisha kuhama kutoka kitandani hadi kitini, hakuna anayemwondolea mto chini ya goti. Kwa hiyo kulaza watu muda mrefu tunajua sana. Tunawalaza kwa ajili ya kasa ya hospitali. Siku zilezile zingeweza kuwa siku za mazoezi, na mlinda mgonjwa, anayekaa bure pale kutwa nzima, ndiye mwanafunzi wa kwanza ambaye kine angepaswa kumtafuta, kwa kuwa ndiye atakayembeba mgonjwa nyumbani.

Wala kukusanya wataalamu meza moja si kitu kigeni kwetu. Ebola iliyotangazwa Mangina Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020 iliua watu 2,287. Waliopona walitoka na macho yanayofifia, viungo vinavyouma, na majirani wanaokataa kuwapa mkono. Wakafunguliwa huduma ya ufuatiliaji Beni, Butembo na Mangina: macho, damu, ushauri wa moyo, vyote pamoja. Iliwezekana kwa sababu dunia ilikuwa na hofu na pesa zilikuja na hofu hiyo. Mguu uliokatwa hauambukizi mtu, hivyo hakuna ndege inayoshusha wataalamu kwa ajili yake.

Sheria tunayo. Ile ya Mei 3, 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu imetiwa sahihi Kinshasa na inasomeka vizuri. Mimi siingoji Kinshasa. Askofu Kataliko wa Butembo hakuingoja alipowatoa watu na majembe kutengeneza barabara, wala Chuo Kikuu cha Graben hakikuingoja kilipoanza 1989. Wafanyabiashara wetu wanaojenga hoteli za ghorofa wanajua bei ya kitanda kuliko mimi.

Naomba vitanda sita tu, katika hospitali moja iliyopo tayari. Kine wawili wasiohamishwa kila mwezi, muuguzi mmoja wa wadi hiyo peke yake, saa ya ukutani, reli mbili za mbao za kujifunzia kutembea, ambazo seremala yeyote wa Butembo anaweza kuzitengeneza kwa siku moja, na choo kimoja chenye kiti. Anayekaa kwa mazoezi asihesabiwe kitanda. Mkurugenzi wa hospitali anayeona hesabu zangu ni za ndoto aniletee zake kwa maandishi, pamoja na idadi ya waliolala kwake mwezi uliopita kwa sababu ya fakitire. Nitazichapisha hapa wiki ijayo.